Hodi ya uani

Kwetu hodi ina mpaka wake. Mgeni anabisha mlango wa mbele, anakaribishwa barazani, akiwa wa heshima zaidi anaingizwa ukumbini, anakunywa chai yake anaondoka. Uani wanaingia wanawake wa karibu tu, na hata hao wanaishia jikoni. Kule mwisho, nyuma ya mpapai, penye kibanda cha makuti, hakuna anayetupia jicho wala kuuliza. Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa shoga yangu. Nimemlilia misiba, nimemmenyea vitunguu harusi ya binti yake, siku nzima tuko uani kwake wanawake zaidi ya ishirini, na kila aliyebanwa alijifunga kanga akakimbilia kwake au akateremka mikokoni, akarudi kama aliyekwenda kuchukua kisu. Miaka kumi na moja ya ujirani, sikujua kama mwenzangu yule ana choo au hana. Nilikuja kujua mwaka 2016, nikiwa na kadi mkononi na kalamu sikioni.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, ukishapita Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Upande wa juu ni mkonge, upande wa chini mikoko na bahari. Bahari ndiyo iliyotulea, na ndiyo iliyokuwa choo chetu. Wanaume alfajiri, wanawake kiza kikiingia, maji yakijaa yanazoa. Watoto wadogo hawakuhesabika kabisa. Kinyesi cha mtoto anayenyonya, tuliamini, ni maziwa tu yaliyopita njia.

Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka Dar es Salaam, kikapanda mabasi na kusambaa nchini, na mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamepita 20,000. Ndipo likaja shirika moja dogo na habari ya klabu za afya. Silitaji jina, maana lawama ninazo, na waliokuja walikuwa watu wema. Walitaka mwezeshaji anayejua kusoma na kuandika, asiyeona haya kusema neno mavi mbele za watu. Wenzangu wote wakanigeukia mimi. Sijajua hadi leo kama ilikuwa sifa.

Tulifundishwa kwamba mpango huu ulianzia Zimbabwe, wilaya ya Makoni, mwaka 1995, chini ya mama mmoja anayeitwa Juliet Waterkeyn na wenzake.  Msingi wake ni kadi. Kila mwanachama ana kadi yenye orodha ya mada ishirini na kitu, kila wiki mnakutana mnajadili mada moja, unatiwa saini, unarudi nyumbani na kazi ndogo ya kufanya: leo chimba shimo la taka, wiki ijayo jenga kichanja cha vyombo, wiki nyingine tengeneza kata ya mpini mrefu ili mkono wa mtu usizame mtungini. Ukimaliza kadi nzima unapewa cheti hadharani. Makoni, walituambia, vilijengwa vyoo 2,400 ndani ya miaka miwili. Wilaya nyingine, Tsholotsho, vyoo 1,200 vilijengwa kwa miezi kumi na minane, mpaka kaya 43 katika kila 100 zikawa na choo, ilhali kule ambako hakukuwa na klabu zilikuwa 2 tu. Nilizinakili namba hizo kwenye daftari nikazipigia mstari.

Basi nikatangaza: Alhamisi, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Ratiba ilikuja imeshapigwa chapa. Alhamisi ya kwanza walikuja hamsini na kitu, mwembe haukutosha kivuli. Ya pili, saba. Ya tatu, thelathini. Ya nne tulikuwa mimi, mwenyekiti wa kitongoji na bibi mmoja aliyedhani kuna chanjo.

Ofisini walinipa fomu ya kueleza sababu za mahudhurio duni. Ilikuwa na visanduku vya kutia alama, na kimoja kimeandikwa "uelewa mdogo wa jamii". Nilikitia alama. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilikitia, kwa sababu hakukuwa na kisanduku cha bahari.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe wangu, tena bila kusudi. Nilikuwa nalalamika jikoni, yeye anakuna nazi. Akasema, "Mwanangu, mwezi umeandama juzi, hao watu utawapata wapi?" Mimi ni mzaliwa wa Muheza, wa mashamba ya michungwa, nimeolewa pwani. Miaka yote ile nakula samaki, na sikuwahi kuipanga siku yangu kwa maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanatoka mbali sana, na kwetu yanakuwa yametoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa hizo kila mwanamke mwenye nguvu yuko nje, wengine kwenye kamba za mwani, wengine wanatafuta pweza mwambani, wengine wanavua kwa kutanda nguo. Hiyo ndiyo sabuni na ndiyo sare ya shule. Wiki inayofuata ni maji mafu, asubuhi hakuna cha kufuata huko nje, watu wako nyumbani wanasuka ukili na kupiga soga. Alhamisi zangu nzuri zilikuwa za maji mafu. Mbaya zilikuwa za bamvua. Uelewa ulikuwa mdogo kweli, ila wa mwezeshaji.

Tukaacha ratiba ya chapa. Maji mafu tunakutana asubuhi, bamvua tunakutana saa kumi alasiri, maji yamejaa na kila mtu kesharudi. Mama mkwe ndiye akawa anasema siku. Mahudhurio hayakushuka tena chini ya thelathini na tano, na wavuvi wachache wakaanza kujipenyeza, wanakaa pembeni wanaziba nyavu kana kwamba hawasikilizi.

Mmoja wao ni mzee mwenye choo kikongwe kuliko vyote kijijini. Anakiita "cha redio". Mwaka 1973, anasema, walikusanyika nyumba yenye redio kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya, kampeni ile iliyowaingiza watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Yeye alikuwa kijana, kikundi chao kilikubaliana kila mmoja achimbe, naye akachimba. Nilimuuliza wenzake je. "Walichimba. Vilipojaa hawakuchimba vingine. Redio ilikuwa imeshanyamaza." Alisema hivyo huku akikaza fundo la nyavu, bila hata kuinua uso. Baadaye, alisema, kipindupindu cha miaka ya sabini kilipokuja, bwana afya alipita nyumba kwa nyumba na faini, watu wakajenga vibanda visivyo na shimo, vya kuonyeshwa bwana afya.

Neno lile la redio kunyamaza lilinisumbua. Mada zilikuwa zinakwenda vizuri, kadi zinajaa saini, vichwa vinatikiswa, "ndiyo mwalimu". Nikienda ufukweni alfajiri, hali ni ile ile. Ndipo bibi muuza vitumbua alipouliza swali ambalo halikuwa kwenye kitabu changu cha mwezeshaji: "Hizi kazi za nyumbani nani anasahihisha?"

Kweli, nani? Nilikuwa nasahihisha kwa mdomo. Tumefanya? Tumefanya. Saini. Yeye akatoa shauri tupige kura, kila kikao jina moja liokotwe kutoka kofiani, na klabu nzima ihamie uani kwa huyo mtu, mpaka mwisho, nyuma ya mpapai. Kukawa na minong'ono mirefu. Wanawake wawili waliondoka siku ile na hawakurudi kwa mwezi mzima. Mimi nilishangilia, kwa sababu niliona ni njia ya kuwabana. Kofia ikazungushwa. Jina la kwanza kutoka likawa langu.

Nilidhani sina wasiwasi. Choo nilikuwa nacho, cha matofali, mume wangu alikijenga mwaka tulipopata mtoto wa pili. Watu thelathini na wanane wakaingia uani kwangu wakajipanga kama wanaoangalia maiti. Kifuniko cha tundu kilikuwa kimevunjika tangu Ramadhani, nzi wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Kopo la kuchambia limelala chini, mdomo wake umegusa sakafu. Maji ya kunawa hayapo, yako jikoni, hatua ishirini, na kati ya choo na jikoni kuna mlango wenye komeo ambalo kila atokaye chooni lazima alishike. Haya yote sikuwahi kuyaona, ingawa nimeyafundisha. Kisha bibi yule wa vitumbua akazunguka nyuma, kwenye shina la mkorosho, akaita kwa sauti ya upole: "Mwalimu, hii poti ya nani, na hivi vilivyomwagwa hapa ni vya nani?"

Vilikuwa vya mwanangu wa mwisho. Vile vya maziwa.

Nadhani klabu ilizaliwa pale, kwenye mkorosho. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, nami nikacheka kwa kukosa pa kukimbilia. Wiki iliyofuata kofia ilipozungushwa hakuna aliyenung'unika, kwa sababu hakuna ambaye angeonekana mbaya kuliko mwalimu. Jina la shoga yangu lilitoka wiki ya tatu. Alisimama mlangoni pa uani wake akasema tu, "Jamani, mimi sina. Nilikuwa nawaogopa." Miaka kumi na moja!

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, ila si bila kuvunjika. Kitabu changu kilikuwa na picha ya mtu anachimba shimo refu la duara kwenye udongo mwekundu mzuri, wa kwetu Muheza kabisa. Huku chini hakuna udongo huo. Upande wa juu wa kijiji ukichimba goti moja unagonga mwamba wa matumbawe. Mtaimbo unaruka na kurusha cheche. Upande wa mikokoni ni mchanga, na kabla hujafika kiunoni maji yanakusalimu. Sikusema lolote kuhusu hayo, nilifundisha picha. Mjane mmoja wa upande wa mchanga alichimbiwa na wanawe shimo zuri, likajengewa kibanda, tukalisifu na kumtilia saini. Aprili, masika yamekolea, kuta za mchanga zilikatika usiku, kibanda kikaingia shimoni na paa lake. Hakukuwa na mtu ndani, Mungu mkubwa. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kinu anatazama makuti yaliyojitokeza juu ya maji, akaniambia, "Afadhali bahari, mwalimu. Bahari haiporomoki."

Sikuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo fundi chokaa mmoja, mwanachama asiyesema sana. Alisema panapokataa kushuka, panda. Upande wa mwamba tulichimba kidogo tu, kisha tukainua ukuta wa mawe na chokaa juu ya ardhi, ngazi tatu, na slabu juu yake. Upande wa mchanga tulizungushia shimo mawe yaliyopangwa kabla ya kujenga kitu chochote juu, na kwa mjane tulitumia mapipa mawili yaliyotobolewa pembeni, yametiwa moja juu ya jingine, nayo yakainuliwa. Kazi ya kwake ilikuwa msaragambo, hakulipa senti, alipika uji wa mchele. Vijana waliviita vyoo vile majukwaa ya taarabu, kwamba ukipanda ngazi unatazamiwa uimbe. Wacha waite.

Jambo la visima nalisema kwa haraka, ingawa si dogo. Tulifundishwa choo kikae mita 30 kutoka kisimani. Kwenye mwamba wenye nyufa kama wa kwetu maji machafu yanapita njia yanayotaka, mita ziwe 30 au 60, na choo kilichoinuliwa bado kinavuja chini. Kwa hiyo maji ya kunywa tunachemsha au tunatia dawa ya klorini, basi. Wengine wanasema inanuka. Inanuka kweli.

Kilichonipa kazi kuliko mashimo ni sabuni. Kila choo kipya kiliwekewa kibuyu chirizi: dumu dogo la mafuta ya kula lenye tundu ubavuni, limening'inizwa kwenye vijiti, kamba inateremka hadi kwenye mti mdogo chini, unakanyaga kwa mguu, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono wako haujagusa kitu. Watoto walilipenda kiasi cha kunawa mara kumi kwa siku mpaka dumu likauke. Sabuni tulikata vipande vya mche, tukatoboa, tukafunga kamba pembeni. Asubuhi kamba ipo, sabuni haipo. Tukaanza kushukiana. Kuna nyumba mbili hazikusalimiana kwa ajili ya vipande vya sabuni, na mimi nilishaandaa hotuba kuhusu uaminifu. Mpaka siku moja mtoto wangu akaniita, "Mama, njoo umwone mwizi." Kunguru alikuwa amesimama juu ya dumu, ameinamisha shingo pembeni kama fundi saa, anadonoa kamba kwa subira. Ilipokatika alibeba sabuni akapanda nayo mnazini, akailia huko. Sijui anapata utamu gani.

Tulijaribu majivu, yanafaa kunawia, ila wakwe wakija unaona haya kuwawekea. Tulijaribu kopo la kufunika, watu wanasahau kufunika. Mwisho mke wa mvuvi mmoja alishona vifuko vya nyavu ya uduvi, sabuni ndani, mdomo umekazwa kwa fundo la wavuvi. Unanawa ukiwa umeishika ndani ya kifuko, povu linatoka kwenye matundu. Kunguru alidonoa siku tatu, akahamia kwenye dagaa.

Shemeji yangu naye alitushtaki kwenye mkutano wa kijiji. Alidai tangu vyoo vije mbu wamezidi. Nilikasirika, nikamwona mtu wa kurudisha nyuma maendeleo, na nusura nimjibu vibaya hadharani. Alikuwa sahihi. Mbu mwenye kupenda maji machafu huzaliana kwenye shimo la choo lenye maji, na ni mmoja wa mbu wanaoeneza matende na mabusha. Mashimo yetu ya upande wa mchanga hayakauki, kwa hiyo tulikuwa tumemjengea nyumba. Nilikuja kusikia kwamba Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga mashimoni chembe za lile povu jeupe gumu linalofungia televisheni mpya. Zinaelea, zinafunika maji yote, kiluwiluwi hapati pa kupumua. Sisi hatukuzipata. Tulirudi kwenye vifuniko, na wavu kwenye mdomo wa bomba la hewa, na shemeji tukampa kazi ya kukagua. Hajawahi kukosa kikao tangu siku hiyo, na anakagua kwa tochi.

Mwaka wa pili shirika lilitaka kupunguza vikao. Mada nane zinatosha, walisema, fedha za mfadhili zimepungua na wilaya nyingine zinasubiri. Nilikataa bila kuwa na hoja, nikiwa na ukaidi tu. Baadaye ndipo niliposikia habari ya Rusizi, Rwanda. Watafiti walichukua vijiji 150, vingine vikapewa klabu za vikao ishirini, vingine za vikao nane, vingine visipewe kitu, na matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Kwenye vikao ishirini watu waliongeza kutibu maji na kuwa na vyoo bora, lakini kuhara kwa watoto hakukupungua popote. Aliyenieleza alidhani nitavunjika moyo. Nilimwambia hata kwetu siwezi kuapa kwamba kuhara kumeisha. Kaya thelathini zikijenga na kumi zikabaki ufukweni, miguu na nzi vinatembea kote kote. Maji ya kisima ndiyo yale. Kuku wanaingia jikoni kwa wote. Ninachoweza kuapia ni kile nilichokiona kwa macho, na sikukiona kikao cha nane. Kikao cha nane watu walikuwa bado wanasema "ndiyo mwalimu". Mkorosho wangu ulikuwa kikao cha kumi na moja.

Shirika liliondoka. Cheti changu kiko ukutani, kimekunjamana kwa unyevu wa bahari. Klabu ikageuka kikoba cha kuweka na kukopa, kwa sababu watu waliozoea kukutana lazima wapate cha kukutania, ila kofia bado inazungushwa, si kila wiki, pale anapokumbuka mtu. Mwaka 2020, ndoo za kunawia zilipojaa kila mlango wa duka mjini, huku watu waliona kama wenye mji wameanza kutuiga. Sasa mashimo ya kwanza yanajaa. Nimehesabu sita. Wanne wameshachimba mengine, au tuseme wamepanda mengine. Wawili nawafuatilia, na mmoja wao ni mzee wa choo cha redio, anayesema ana umri wa kutosha.

Juzi shoga yangu alikuwa na akika ya mjukuu. Tulijaa uani kwake kama siku ile ya harusi, visu, mabeseni, vitunguu, moshi wa kuni kwenye macho. Safari hii kulikuwa na foleni nyuma ya mpapai, wanawake sita wamesimama kwenye ngazi za jukwaa wanasengenya huku wanasubiri zamu. Mimi nilikuwa wa tano. Bibi wa vitumbua, aliyekuwa ndani, akapaza sauti mpaka jikoni kukanyamaza:

"Mwenye nyumba! Kopo lako halina maji!"

Shoga yangu akaacha mwiko kwenye sufuria, akaja mbio na dumu.